Mwanasesere Asiyetakiwa Kuamshwa

Watoto walimwita Mjomba Meno, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata wazee wa famasi ya hospitali walisahau lile aliloandikishwa. Alikuwa tabibu wa meno ya watoto, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja. Shingo yake ilikuwa imeinamia upande wa kulia, maana miaka ishirini na tatu ya kuchungulia vinywa vidogo haimwachi mtu na shingo aliyozaliwa nayo. Hakuwahi kuoa. Si kwamba hakutaka. Aliahirisha, akaahirisha tena, na siku alipogeuka kutazama, wenzake wa rika lake walikuwa wanaitwa babu.

Kazi yake ina jambo moja ambalo asiyeifanya halijui. Tabibu wa meno huogopwa kabla hajamgusa mtu. Mtoto huanza kulia getini. Akifika ukumbini amekwisha kushika nguzo kwa mikono miwili, na mama yake anambandua kidole kimoja kimoja. Watoto ishirini kwa siku, siku tano kwa wiki, wanakuangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyefungwa. Unaweza kujiambia kwamba wanaogopa kiti, si wewe. Mjomba Meno alijiambia hivyo kwa miaka mingi. Lakini Jumamosi akienda sokoni, mtoto akimwona katikati ya mafungu ya nyanya akajificha nyuma ya mama yake, pale hapakuwa na kiti. Palikuwa na yeye na kikapu chake. Mwishowe akawa ananunua mboga alfajiri, kabla watoto hawajatoka, na kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili safi, na redio aliyoacha kuiwasha, kwa kuwa mlio wa mashine ya kuchongea meno ulikuwa bado unamlilia masikioni. Alikaa kimya mpaka Jumatatu.

Mle kazini alikuwa na msaidizi wake, mwanamke wa makamo mwenye mikono mizito na moyo mwepesi. Kwa kuwa yeye aliitwa Mjomba, watoto walimwita huyu Shangazi. Akina mama ukumbini walikuwa na mzaha wao kuhusu hilo. "Mwanangu usilie," mmoja wao alisema siku moja, "humo ndani kuna mjomba na kuna shangazi, ukoo wote umekuja kukushika." Mtoto akalia zaidi.

Shangazi alimshikia taa na mrija wa kunyonya mate, akaosha vyombo, akafuta machozi. Kazi yake aliijua. Lakini saa tisa na nusu ilipofika alikuwa na wajukuu wanne wa kumpigia kelele nyumbani, naye aliwakimbilia.

Zamani Mjomba Meno hakuwa peke yake. Chumba kile kilikuwa na viti viwili, na kwenye kiti cha pili alikuwa mwenzake, mwanamke mcheshi waliyesoma naye chuo kimoja. Baina ya mtoto na mtoto waligeuza vigoda vyao vya magurudumu, wakatazamana.

"Wangu ameniuma," alisema mmoja.

"Wangu amenitapikia. Nimekushinda."

Wakacheka, wakaita wanaofuata. Ilikuwa dakika mbili, tena si kila mara. Lakini mtu akishacheka na mwenzake juu ya jambo, hawezi kwenda nalo nyumbani lilivyokuwa. Miaka minne iliyopita mwenzake alihamishwa, na nafasi yake haikujazwa. Kiti cha pili kilifunikwa shuka, kisha kikawa mahali pa kuwekea maboksi ya glavu. Foleni haikuhamishwa pamoja naye.

Sasa, Mjomba Meno alikuwa na sheria yake moja, aliyojiwekea tangu mwaka wake wa kwanza. Kabla ya kuanza alimshika mtoto mkono wa kushoto, akauinua juu kidogo, akasema, "Huu mkono ni breki. Ukiuinua, mimi nasimama. Hata kama imebaki kidogo, nasimama." Na alisimama. Watoto si wajinga, humjaribu mtu. Mtoto aliinua mkono bila kuumia, ili aone tu. Mjomba Meno alizima mashine, akatoa vidole kinywani, akasubiri. Mtoto akainua mara ya pili, naye akasimama tena. Baada ya mara ya tatu au ya nne mtoto aliushusha mkono mwenyewe, akafungua kinywa kama mlango wa ghala. Ilichukua muda, lakini mtoto aliyetoka pale alirudi mwaka uliofuata bila kubanduliwa kwenye nguzo.

Muda ndio ulioisha. Walikuwa wawili wakihudumia watoto ishirini na kitu. Akabaki mmoja na ishirini na kitu walewale, na wengine wakarudishwa nyumbani kila siku bila kuonwa. Siku moja, yapata mwaka na nusu uliopita, mtoto wa kumi na nne aliinua mkono mara tisa. Mara ya tisa Mjomba Meno alihisi kitu kikimpanda kifuani ambacho hakukijua, kitu kama chuki, akaogopa. Rafuni palikuwa na mwanasesere wa kitambaa aliyesahauliwa na mtoto fulani, mwenye macho ya nyuzi yaliyofumba. Akamchukua.

"Nishikie huyu," alimwambia mtoto kwa ile sauti tamu ya kazini. "Amelala. Mshike kwa mikono miwili, umkumbatie hivi. Usimwamshe, ana usingizi sana."

Mtoto akamkumbatia. Mkono haukuinuka tena. Jino likazibwa kwa dakika sita.

Jioni ile alijiambia kwamba amegundua njia ya kumtuliza mtoto. Na hilo lilikuwa kweli kwa sehemu, ndiyo maana lilimdanganya vizuri. Watoto wengi walitulia kweli. Wengine waliuliza, "Mtoto ameamka?" na akina mama walifurahi. Ile habari ya breki akaacha kuitaja, kwanza kwa watoto wagumu, halafu kwa wote. Kuna jambo moja tu alilojifunza kutolitazama, nalo ni miguu. Mtoto aliyekumbatia mwanasesere hainui mkono wala halii, lakini vidole vya miguu yake hujikunja. Mjomba Meno aligeuza kigoda chake kidogo, miguu ikawa nyuma ya bega lake.

Daktari mkuu wa hospitali alikuwa mtu mfupi aliyependa chati kuliko watu, ingawa hakuwa mtu mbaya. Aliona kwenye chati yake kwamba chumba cha meno ya watoto kimetoka watoto kumi na wanne kwa siku kufika ishirini na watatu, na mtu ni yuleyule mmoja. Akaja kuona. Akamwona mwanasesere.

"Hii ndiyo akili," alisema. "Wengine kila siku kunililia uhaba wa watu. Wewe umetumia kitambaa na pamba."

Shangazi alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

Daktari mkuu hakuishia hapo. Aliandikia hospitali nyingine, na ikapangwa kwamba Alhamisi ya wiki iliyofuata matabibu tisa wa meno waje kujifunza njia ile kwa Mjomba Meno mwenyewe, kisha wakaitumie kwao. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu jina lake kamili lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Alipita mbele ya ubao huo mara tatu siku hiyo bila kuwa na safari ya upande ule.

Ijumaa kabla ya wiki hiyo alikuja binti wa fundi cherehani, mtoto wa miaka saba, mwenye pengo mbele na macho ya kuhoji. Alikuwa amewahi kuja miaka miwili nyuma. Alipanda kitini bila kusukumwa, akapokea mwanasesere, akamkagua chini na juu.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina. Amelala tu."

"Saa nne asubuhi?"

"Amechoka," alisema Mjomba Meno, na akawasha taa.

Lilikuwa gego la chini, limeoza mpaka karibu na mshipa. Alimpiga sindano ya ganzi, akangoja kidogo. Angepaswa kungoja zaidi, lakini nje walikuwa wamebaki kumi na sita. Akaanza kuchonga. Katikati ya kazi mrija ulianguka, akainama kuuokota, na hapo akaona kile alichokuwa ameacha kukitazama: vidole kumi vya miguu vimejikunja ndani ya soksi, vimekaza kama vya ndege aliyeshika tawi. Aliviona vizuri kabisa. Akainuka, akaendelea, kwa kuwa ilikuwa imebaki kidogo.

Alipomaliza, mtoto alitema mate, akajifuta, akamrudishia mwanasesere kwa adabu. Hakuwa analia.

"Ile siku nyingine ulisema mkono huu ni breki," alisema.

"Ndiyo, nilisema."

"Leo nilitaka kuinua. Lakini mikono yangu ilikuwa na kazi."

Mama yake akacheka. "Mkali huyu, daktari, nyumbani ananikagua hata kushona." Mjomba Meno naye akacheka, akampapasa mtoto kichwa. Mtoto akakivuta kichwa chake, si kwa hasira, alikivuta tu. Shangazi hakucheka. Wakaita mwingine.

Saa tisa, mlango ulipofungwa, Mjomba Meno alibaki amekaa kwenye kigoda chake huku Shangazi anafunga vyombo.

"Shangazi, ulijua?"

"Kuhusu nini?"

"Unajua ninachouliza."

Shangazi aliweka koleo chini, akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilijua tangu mwezi wa kwanza. Mimi nakaa upande wa miguu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi, daktari? Huyu hajashuka, umekwisha kumwita yule. Hata maji ya kunywa tunakunywa tumesimama kama punda." Akalichukua tena koleo. "Halafu nisikufiche, na mimi nilifurahi. Foleni ilikuwa inakwisha, nafika kwangu mapema. Kwa hiyo usinitazame kama hakimu, tuko kizimbani wote."

"Alhamisi nitawafundisha watu tisa."

"Najua. Ubaoni wamekuandika vizuri."

"Nifanye nini?"

"Mimi sijui. Mimi nikitoka hapa nina wajukuu. Nikiwakalia nusu saa, hata kama siku ilikuwa chafu, nimekwisha kuisahau. Wewe ukitoka hapa unakwenda kwa nani?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anavyouliza njia. Shangazi akachukua mkoba wake, akamwambia asisahau kuzima taa, akaenda zake.

Jumapili dada yake alimpigia simu, kama kila Jumapili. Huyu ndiye ndugu aliyebaki, mdogo wake kwa miaka minane, anaishi mbali na mume na watoto. Habari za ubaoni zilikuwa zimemfikia kwa njia anazozijua mwenyewe.

"Kaka, nasikia sasa wewe ni mwalimu wa madaktari. Mume wangu ameshawaambia watu wawili kazini kwake. Mama angekuwepo angepiga vigelegele mpaka majirani wahame."

"Ni jambo dogo tu, ndugu yangu. Vizuri sana. Na watoto hawajambo? Vizuri sana."

"Mbona unaniongelesha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama umenikalisha kwenye kile kiti chako. Vizuri sana, vizuri sana. Sema na mimi kama mtu, bwana."

Alitaka kusema. Maneno alikuwa nayo, yamekaa tayari. Lakini upande wa pili mtoto aliita, dada akamjibu, akacheka na mtu mwingine, akarudi kwenye simu akiwa na furaha yake yote, na Mjomba Meno akaona haya kumwekea jambo lile katikati ya nyumba yenye watu. Akasema amechoka kidogo. Dada akasema pole, apumzike. Simu ikakatika, na sauti ya mwisho aliyoisikia siku hiyo ikawa ya kijiko chake mwenyewe kwenye sahani.

Ndivyo tunavyowamaliza watu wa namna hii. Tunamwona mtu hachoki, halalamiki, hachukui likizo, tunamwita mchapakazi, tunambandika ubaoni. Hatumuulizi analipia wapi ule uchovu, na kumbe uchovu haupotei, huhamia kwa aliye mdogo kuliko yeye. Mjomba Meno naye hakuwa mtu wa kuonewa tu. Alikuwa na ulimi, na kwa miaka minne hakuutumia kusema neno moja: nimelemewa. Aliona fahari kutolisema. Fahari hiyo ilibebwa na watoto wenye mikono iliyojaa.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa daktari mkuu kumwomba amwondoe kwenye mafunzo.

"Kwa sababu gani?"

"Njia ile ina kasoro."

"Kasoro ya pamba au ya kitambaa?" Daktari mkuu alikuwa na furaha siku hiyo. "Kila njia ina kasoro. Watu tisa wamekwisha kuomba ruhusa kwao. Alhamisi utaeleza, na kasoro utaitaja mwishoni, dakika mbili. Usiniharibie."

Mjomba Meno akatoka kama alivyokuja. Siku mbili zilizofuata alifanya kazi bila mwanasesere na bila kumrudisha rafuni. Alimweka juu ya maboksi ya kiti cha pili. Siku ya Jumanne alihudumia kumi na watatu, Jumatano kumi na mmoja, na watu ukumbini wakaanza kuuliza kama daktari anaumwa.

Alhamisi wakaja, wanawake watano na wanaume wanne, kila mmoja na daftari lake. Walijipanga ukutani kuzunguka kiti, na daktari mkuu akasimama mlangoni mikono nyuma. Mjomba Meno alimchukua mwanasesere, akamlaza kitini, akamtazama kitambo.

"Huyu anafanya kazi nzuri sana," alisema. "Anamfunga mtoto mikono bila kamba."

Kalamu mbili tatu ziliandika, kisha zikasimama.

Akawaeleza yote, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma faili la mgonjwa: ile breki ya mkono, mwenzake aliyehamishwa, mtoto aliyeinua mkono mara tisa, kile kilichompanda kifuani. Akawaeleza habari ya miguu, na namna alivyogeuza kigoda. Sauti yake haikuwa ile tamu, wala haikuwa ya kujililia. "Ijumaa niliona mtoto anaumia, na nikaendelea. Sikuwa mtu wa namna hiyo nilipoanza. Nilichoka, sikumwambia yeyote, na nikatafuta njia ya mtoto naye asiniambie. Mkienda kuitumia kwenu, mjue mnachochukua."

Daktari mkuu alikohoa mlangoni, akatazama saa.

Halafu mwanamke mmoja mnene aliyesimama karibu na dirisha, tabibu wa hospitali ndogo ya mbali ambako alikuwa peke yake kwa miaka tisa, alifunga daftari lake. "Mimi sina mwanasesere," alisema. "Mimi huwaambia imebaki sindano moja. Zinaweza kuwa zimebaki nne, nasema moja."

Mwanaume aliyekuwa pembeni yake alijikuna shingo. "Mimi nafungulia redio, mama aliyeko nje asisikie."

"Mimi wagumu nawaandikia waende hospitali ya mkoa," alisema mwingine, "na najua kabisa hawatafika."

"Jamani, mimi sifanyi lolote kati ya hayo," alisema kijana mmoja mwenye koti jipya.

Mwanamke mnene akamgeukia. "Una muda gani kazini, mdogo wangu?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Chukua namba yangu. Utanipigia."

Walicheka, kicheko kifupi cha watu wasio na hakika kama wanaruhusiwa. Mjomba Meno alikuwa hajasikia kicheko cha tabibu ndani ya chumba kile kwa miaka minne. Ilibidi ageuke ajifanye anarekebisha taa.

Walipoondoka, daktari mkuu alimwita. Hakumwambia akae.

"Umeniaibisha."

"Nilijiaibisha mwenyewe kwanza, mkuu. Wewe ulikuwa mlangoni tu."

"Sasa unataka nini?"

"Watoto kumi na wawili kwa siku, na wenye uvimbe au homa nje ya hesabu hiyo. Mtu wa kiti cha pili, hata siku mbili kwa wiki. Na mimi na Shangazi tufunge mlango nusu saa mchana."

Daktari mkuu alizungusha kalamu. Lile tangazo la ubaoni alikuwa ameshaagiza libanduliwe. "Mtu wa kiti cha pili sina, usinidai. Nusu saa funga. Kumi na wawili, andika barua, nitatia sahihi. Lakini sikiliza. Yule wa kumi na tatu akija, utatoka wewe mwenyewe kumwambia. Sitamtuma karani wala muuguzi. Wewe."

"Nitatoka."

Ni rahisi kusema. Jumatatu iliyofuata mtoto wa tatu alimjaribu mkono mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alisimama, na jino halikumalizika, ikabidi liwekewe dawa ya muda mpaka wiki nyingine. Saa tisa kasoro robo, wa kumi na mbili aliposhuka, Mjomba Meno alivua barakoa akatoka ukumbini. Kwenye benchi walikuwa wamebaki watano. Aliyekuwa mbele ni mama mwenye mtoto wa miaka mitano mapajani, viatu vyote viwili vina vumbi la njia ndefu.

"Mama, kwa leo nimefika mwisho," alisema. "Mtoto ana homa? Shavu limevimba?"

"Hapana."

"Usiku analala?"

"Analala, ila akila upande huu analia."

"Basi mpe upande mwingine, na kesho atakuwa wa kwanza kabisa. Nimemwandika hapa."

"Kesho nina kibarua. Nani atamleta?"

Mama alimtazama muda, akijaribu kuona kama ni mtu wa kubembelezeka. "Jirani yangu aliniambia daktari wa hapa ana huruma," alisema. "Alisema alileta wake, hakulia hata kidogo."

Mjomba Meno angeweza kumwambia kwa nini mtoto wa jirani hakulia. Angeweza kumpokea huyu mmoja, kisha wa kumi na nne, kisha wa kumi na tano, na kufikia mwisho wa mwezi akawa anageuza kigoda tena. Alisema tu, "Pole, mama. Siku yoyote utakayoweza, hata ikiwa si kesho, njoo moja kwa moja mlangoni." Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga. Wale wanne wengine waliyasikia yote, na aliwaendea mmoja mmoja na maneno yaleyale. Mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake alimwambia kwamba madaktari wa siku hizi wamekuwa wavivu. Akalipokea na neno hilo.

Mtu asidhani kwamba baada ya hapo alipendwa. Wiki zile za mwanzo alisemwa ukumbini kuliko wakati wowote, na wengi wa waliomsema walikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa watoto wao walikuwa na maumivu ya kweli. Sokoni bado watoto walijificha. Vyumba vyake viwili vilibaki viwili. Dada yake aliposikia jambo lile kutoka kwake mwenyewe, Jumapili ya pili, alisema, "Kaka, na muda wote huo ulikuwa unaniambia vizuri sana." Kulikuwa na lawama ndani ya maneno hayo, na Mjomba Meno akaiona ni halali.

Ijumaa ya tatu, mchana, mlango ulikuwa umefungwa na Shangazi amekwenda kuota jua uani. Simu ililia. Alikuwa yule mwanamke mnene wa hospitali ya mbali; walibadilishana namba siku ya mafunzo, na Mjomba Meno alikuwa amemwandikia ujumbe kuhusu ile nusu saa.

"Nakusumbua?"

"Hapana. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Nimefunga mlango kama ulivyosema, nusu saa. Sasa nimekaa humu ndani sijui nifanye nini na hiyo nusu saa. Nikasema nikupigie, wewe ni mkongwe wa kufunga milango."

"Mimi mwenyewe nina wiki tatu."

"Leo ilikuwaje?"

Alifikiri. "Orodha ilijaa mapema, nimewarudisha wanne. Mmoja mama yake amelia."

"Mimi leo nilisema zimebaki tatu, na zilikuwa tatu. Mtoto akanikimbia kitini. Tumemkuta kwenye chumba cha mizani."

"Mlimrudisha?"

"Hakurudi. Nimemwambia aje Jumanne anisalimie tu." Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Basi kula. Na mimi nakula. Usikate simu."

Mjomba Meno aliondoa maboksi ya glavu kwenye kiti cha pili, akavuta kigoda chake akakaa kando ya kiti hicho, akafungua bakuli lake la chakula, na simu akaiweka kwenye sehemu ya kuegemeza mkono. Hawakuwa na maneno mengi. Alisikia sufuria upande ule, na mtu akitafuna bila haya, na kwa mbali sauti nyembamba ya mtoto.

"Kuna mmoja hapa nje ameanza kulia," alisema mwanamke.

"Hata kwangu yupo mmoja."

"Nimwite?"

Mjomba Meno alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

"Maliza kula kwanza," alisema.